Mie Sina Kigugumizi

Bibi alisikiliza kwa kama dakika mbili, kainamisha kichwa, sikio lake zima kalielekeza kwenye spika. Kisha akaniangalia.

"Huyo nani?"

"Ni wewe, bibi. Tulirekodi mwezi uliopita, hapa hapa barazani."

"Mie sina kigugumizi, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sauti ilikuwa yake kweli, lakini imekatwakatwa kama iliyopita kwenye msumeno. Pale alipoeleza jinsi wanawake walivyokesha wakichambua karafuu, neno "makonyo" lilitoka "ma–nyo", likafuatia "nyo" jingine, kisha kimya kifupi kama cha mtu aliyepaliwa. Asiyeijua karafuu asingebahatisha. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Havitupwi, hukaushwa vikatolewa mafuta. Bibi alilitamka neno hilo sawasawa kabisa. Nilikuwepo, nililisikia kwa masikio yangu.

Ilikuwa Wete, Pemba, mwaka 2019. Nilikuwa nakusanya masimulizi ya wazee kwa ajili ya kipindi cha redio, na bibi huyu, aliyekwisha kuvuka miaka 80, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali kukaa mbele ya maikrofoni. Kumfikia kulitaka boti hadi Mkoani, kisha daladala kupitia Chake Chake. Siku ile ya kwanza tulizungumza dakika 41. Niliaga nikiwa na furaha ya mvuvi aliyejaza dau.

Mtu atauliza: hukusikia kasoro pale pale? Hedifoni nilizivaa muda wote. Jibu lake nililipata baadaye, na bado linaniuma. Zile hedifoni nilizichomeka kwenye kiboksi cha sauti, kile kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, na kiboksi hicho humrudishia msikilizaji sauti moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni kabla haijaingia kwenye mashine. Nilikuwa namsikia bibi. Faili sikulisikia hata sekunde moja.

Niliporudi Unguja na kulifungua, mikato ikaanza. Nikalaumu spika. Nadhani kila mtu angelaumu spika, maana ndiko kelele inakotokea. Fundi mmoja pale Darajani alizifungua, akazipuliza, akasema zimechoka, akabadilisha kwa shilingi 45,000. Akacheza wimbo mmoja kunionyesha kazi yake. Ukatoka safi, kila pigo la ngoma limekaa mahali pake. Nikalipa, nikaondoka, wala sikujisumbua kulisikiliza tena faili la bibi. Mwezi uliofuata nilikuwa na wazee wengine wa kuwaona Wete, nikaona si vibaya nimpitie nimsikilizishe. Yaliyofuata umeshayasoma.

Fundi sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Wimbo ulitoka safi kwa sababu dukani kwake mashine yangu haikuwa na mtandao. Lakini hilo wakati huo hakulijua yeye, wala mimi.

*

Usiku ule ule, katika nyumba ya wageni, nilifanya jambo la kwanza la maana tangu msiba huu uanze. Nililihamishia faili kwenye kompyuta ya kijana wa mapokezi, nikasikiliza huku nikiandika kwenye karatasi dakika na sekunde ya kila mkato. Halafu nikasikiliza lile lile kwenye mashine yangu. Mikato yote ya kwenye karatasi ilijirudia pale pale, lakini juu yake ikaongezeka mingine. Nikasikiliza tena: ile ya karatasini haikusogea, mingine ikaibukia sehemu mpya.

Kumbe maradhi yalikuwa mawili. Mkato usiohama umo ndani ya faili, na hakuna daktari wake. Mkato unaohama unatoka kwenye mashine inayocheza. Na mashine inayokatakata wakati wa kucheza ndiyo hiyo hiyo iliyokatakata wakati wa kurekodi, kwa hiyo mgonjwa ni mmoja. Kama una tatizo la namna hii, anza na karatasi na kalamu. Fundi asubiri.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Ulaya, niliyoinunua Dar es Salaam. Muuzaji alisema imesafishwa. Kweli alikuwa amefuta jina la mwenyewe wa zamani, basi. Pembeni mwa saa, chini kulia, palibaki kingao kidogo cha kijivu cha programu ya ulinzi ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki, leseni imeshakwisha. Nami sikukiamini kingao cha watu, nikaweka antivairasi yangu juu yake. Nilijiona mjanja.

Usinicheke. Aliyeishi miaka ile ya flashi atanielewa: unachomeka flashi ya ofisini, folda zote zimegeuka njia za mkato, na kazi ya wiki nzima huioni. Nilishaumwa na nyoka huyo, na jani likinigusa nashtuka. Kinga mbili nilizihesabu kuwa ni bora kuliko moja, kama mtu anayelala ndani ya vyandarua viwili.

*

Aliyenifumbua macho hakuwa mtaalamu. Lilikuwa bando.

Nilikuwa nyumbani, mtandao nautoa kwenye simu, nahangaika na mahojiano mengine. Sauti inakwama, inaruka, inakwama. Saa nne usiku bando likakata. Nikazima mtandao wa simu ili angalau chaji isiende bure, nikaendelea na kazi kwa shingo upande. Baada ya dakika kumi hivi nikashtuka kwamba sijasikia mkato hata mmoja. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Safi. Asubuhi nikanunua bando, nikaunganisha, na kigugumizi kikarudi kabla sijamaliza chai.

Sasa, mtandao na sauti iliyolala kwenye diski vinahusiana nini? Hapa itabidi univumilie, maana nilichojifunza katika wiki zile kina utamu wake.

Sauti ndani ya kompyuta ni namba tupu. Kwa kiwango nilichokuwa narekodia, sekunde moja ya maikrofoni moja ni namba 48,000. Hazipokelewi moja moja. Hukingwa katika ndoo ndogo ambayo wenye kazi huiita bafa, na ya kwangu niliipa ukubwa wa namba 256. Gawanya mwenyewe utaona kwamba ndoo hiyo hujaa kila baada ya milisekunde tano na ushee. Ikijaa lazima awepo wa kuimimina kwenye pipa. Akichelewa, zinazofuata zinamwagika. Wahenga waliposema maji yakimwagika hayazoleki hawakuwa na bafa akilini, lakini sijaona maelezo mafupi na sahihi zaidi ya yale yaliyolipata neno "makonyo". Wakati wa kucheza mambo ni yale yale kwa kinyume: ndoo lazima ijazwe kabla spika haijaikausha, na Windows kwa kawaida huipeleka sauti kwa vipande vya milisekunde 10.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mtu wa ndoo asichelewe. Na anayemchelewesha mara nyingi hata humwoni. Kila kifaa, kadi ya mtandao, diski, hata panya, kikitaka huduma hubisha hodi kwa prosesa. Prosesa huacha kilicho mkononi, hupokea ujumbe upesi, na sehemu kubwa ya kazi huiahirisha imalizwe punde, kama mechi za viporo kwenye ligi. Tofauti ni kwamba viporo hivi, vikianza kuchezwa, hutangulia mbele ya programu zote katika kiini kile cha prosesa, hata programu ya sauti iliyopewa daraja la juu. Ndiyo maana Microsoft huwataka waandishi wa draiva, zile programu za kuendeshea vifaa, wahakikishe kiporo kimoja hakizidi maikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Na ndiyo maana nilipofungua orodha ya kazi za mashine na kukuta prosesa inatumika asilimia 12 tu, nilikuwa naangalia kitu kisichonihusu. Ni kama kumwambia mtu aliyezuiwa njiani kupisha msafara wa kiongozi kwamba barabara hii kwa siku haina magari mengi. Hata kama ni kweli, yeye amesimama.

*

Ipo programu inayoitwa LatencyMon inayopima viporo hivyo na kumtaja mwenye kiporo kirefu. Niliiwasha huku mtandao umeunganishwa, nikaiacha dakika kumi. Ikatoka nyekundu: kiporo kirefu kuliko vyote maikrosekunde 14,200. Milisekunde kumi na nne! Ndoo yangu ingejaa mara mbili na kubaki.

Jina lililotajwa lilikuwa ndis.sys. Nilitafuta maana yake, nikaona ni mambo ya mtandao, nikakata shauri kwamba mwizi ni draiva ya Wi-Fi. Nikaibadilisha. Nikarudisha ya zamani, nikaweka ya tatu. Jioni mbili zikaenda hivyo, na namba ya LatencyMon haikutikisika.

Kosa langu lilikuwa kusoma jina na kudhani nimemjua mtu. ndis.sys ni faili la Windows lenyewe, ni lango ambalo draiva za mtandao zote hupitia, pamoja na zile ambazo programu za ulinzi huzisimamisha hapo ili kila kinachoingia na kutoka kipekuliwe. Niliyesoma kwenye ripoti alikuwa lango. Aliyekuwa akinichelewesha alikuwa amesimama langoni.

Nilifika kwake kwa kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine. Kwanza nikabofya kile kingao, kisha alama ya antivairasi yangu, nikachagua kuzima ulinzi kote kuwili. Hakuna kilichobadilika, nikakaribia kuzifuta programu hizo kwenye orodha ya washukiwa. Bahati nzuri mpwa wangu, aliyekuwa akisomea mambo ya mitandao, alinipitia siku ile. Akacheka kwanza, kama ilivyo desturi ya wapwa.

"Anko, umemwambia askari asipige kelele. Lakini bado kasimama mlangoni."

Akafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, akaandika fltmc, akabonyeza Enter. Ikatoka orodha fupi ya majina, na mbele ya kila jina namba inayoonyesha mwinuko wake, yaani nafasi yake katika ngazi ambayo kila faili hupanda na kushuka linapofunguliwa au kuandikwa. Namba kuanzia 320000 hadi 329998 Microsoft imezitengea programu za kuzuia virusi. Kwangu yalikuwemo majina mawili humo, na programu zote mbili nilikuwa nimezizima dakika chache tu kabla. Moja langu, moja la kampuni ya Ulaya.

Basi wakati bibi anaongea, kila kipande cha sauti kilichokuwa kikiandikwa kwenye diski kilipita mbele ya askari wawili. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na mashine ilikuwa imejiunga na mtandao wake yenyewe kwa mazoea, kwa hiyo ile programu ya zamani, nionavyo mimi, ilikuwa ikihangaika kumtafuta mwajiri wake aliyebaki Ulaya, na programu mpya ikiipekua kila inapotoka. Askari wawili wanapekuana getini, na mwenye ndoo ya maji yupo nyuma yao anasubiri.

*

Kuwatoa kulikuwa kazi ya jioni moja. Wa kwangu alitoka kwa njia ya kawaida, ingawa baada ya kuiwasha mashine upya fltmc ikaonyesha jina lake bado lipo. Kampuni nyingi za ulinzi hutoa programu maalumu ya kufagia mabaki yao, na hiyo ndiyo iliyommaliza. Wa pili alinidai neno la siri la kampuni ambayo sijapata kuliona hata lango lake. Huyo naye tulimtoa kwa fagio la watengenezaji wake, tukiwa tumeiwasha Windows katika hali salama, ile inayoamka na vitu vichache tu. (Mwanzoni nilikuwa nimejaribu kuipima sauti katika hali hiyo hiyo nikidhani ni njia ya mkato. Mashine ikawa bubu kabisa. Huduma ya sauti ya Windows haiamki humo.)

Tulipoiwasha upya, kinga ya Windows yenyewe, Defender, ikaamka bila kuombwa, kama inavyofanya ikiona nyumba haina mlinzi mwingine. Katika fltmc, kwenye namba zile za kuzuia virusi, likabaki jina moja, WdFilter, mwinuko 328010. LatencyMon, mtandao ukiwa wazi, ikatoa maikrosekunde mia mbili na kitu. Ni zaidi ya kipimo cha Microsoft, lakini ndoo yangu haikuhisi. Folda ninayorekodia nikaiingiza katika orodha ya zilizosamehewa upekuzi. Folda ya vitu vinavyopakuliwa sikuisamehe, wala sikushauri.

Kuna watu nikiwasimulia haya huchukulia kwamba nawahubiria wang'oe kinga zote. Hapana. Ninachosema ni kwamba tumezizoea programu hizi kama vile ni kufuli la mlangoni, wakati zinaishi ndani kabisa, karibu na moyo wa mashine kuliko programu yoyote unayoifungua kwa mkono wako. Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona maana yake, pale sasisho moja bovu la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na ndege, hospitali na benki zikasimama. Faili lile lilikuwa dogo, lakini mahali lilipokaa palitosha. Mimi yangu yalikuwa madogo zaidi, nilipoteza silabi tu. Ila mlango ulikuwa ule ule, na niliufungua mwenyewe mara mbili kwa kudhani kwamba ulinzi ni kitu cha kurundika.

*

Nilirudi Wete baada ya wiki tano. Safari hii nilibeba kirekodi kidogo cha mkononi kisichojua mtandao ni nini, pamoja na kompyuta, na kabla ya kubisha hodi nilikaa chini ya mwembe nikajirekodi mwenyewe dakika kumi nikihesabu namba, kisha nikasikiliza zote, kutoka kwenye faili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na yule mwenye kigugumizi?"

Alinisimulia tena. Makonyo yakatoka makonyo. Wajukuu wakakusanyika barazani, tukamsikilizisha, akajitambua, akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini rekodi ile ina dakika 22, na ya kwanza ilikuwa na 41. Mtu hasimulii mara ya pili kama alivyosimulia mara ya kwanza; safari hii alifupisha, akaruka, akayataja kwa mbali mambo aliyokuwa ameyakalia kitako. Kilichonisikitisha zaidi ni kisa cha kaka yake. Mara ya kwanza alikieleza chote: usiku wa giza, dau limejaa magunia ya karafuu za magendo kuelekea upande wa Shimoni, Kenya, bahari ilivyochafuka, nani alirudi na nani hakurudi. Nilipomwomba anirudie hicho, alinyamaza kidogo, akavuta kanga yake begani.

"Hayo si nilishakwambia?"

Sikumwomba tena. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Kisa cha dau kipo katika faili la kwanza peke yake, kati ya dakika ya 31 na ya 36, na humo nimehesabu mikato 58. Jina la nahodha limepotelea katika mmojawapo.